Gisenyi, Mahali Hakuna Kitu Imetulia

Ka umewahi kupanda basi ya Kigali kwenda Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, unajua hii kitu. Mkishapita Musanze barabara inaanza kupanda, na mbele yenu kuna lori imejaza mzigo, inapanda mos mos, kitu 20 kwa saa, injini inalia. Nyuma ya lori kuna msee wa baiskeli ameshika chuma na mkono moja. Gunia ya viazi imefungwa kwa keria, miguu imetulia kwa pedali. Wasee wa baiskeli huku wanaitwa abanyonzi, na wale wa hizi milima wako na mapaja za chuma, lakini mlima ni mlima na lori iko hapo.

Sasa niambie, huyo msee anaenda ama ametulia? Mama anauza karoti kando ya barabara atakushow anapita na 20. Tanboi wa lori akigeuka nyuma anamwona pale pale, umbali wa mkono, hasongei wala haachwi. Kwake spidi ya msee ni sufuri. Dere wa lori ingine anashuka na 50, akikutana nao anaona baiskeli inamjia na 70. Msee ni mmoja, sekunde ni hiyo hiyo, na majibu ni tatu. Zote ni za ukweli. Hakuna mwenye amepima vibaya.

Mi hii kitu inaniwasha kichwa kuliko ngoma yoyote iko mtaani sai. Shule tulipewa formula, gari A na gari B, tukakariri, tukapita mtihani, tukaishia. Hakuna mtu alitushow venye iko deep. Spidi haikai ndani ya kitu venye uzito unakaa ndani ya gunia. Spidi iko kati ya wawili, mwenye anaenda na mwenye anapima. Ukisema msee anaenda 20 na husemi 20 ukilinganisha na nani, bado hujamaliza sentensi. Mahali unasimama kupima ndo wanafizikia wanaita fremu ya rejea. Mi nitasema fremu tu, tusichoke.

Na kabla tusonge, hiyo mambo ya kushika lori inaua. Sheria ya Rwanda inakataza, polisi wanawashika, na fizikia iko upande wa polisi. Huyo msee akiangalia lori anaona sufuri, anaskia amani, ni ka ameegemea ukuta. Lakini lami inamwona na 20, na mteremko ukianza inamwona na 50 ama 60. Siku dere anagonga breki juu ya ng'ombe amekatiza barabara, lori inatulia na msee bado ako na zile 50 zote. Ile sufuri ilikuwa ya lori peke yake. Mdau ka unasoma hii na unafanya hiyo kazi, tafadhali, ukianza kuteremka achilia mapema, ama usishike kabisa.

Wale wa mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, na Rubavu imekuwa mwisho wa stage kibao, wanacheza na fremu kwa njia ingine. Upepo wenye unapiga kifua ya mwendeshaji haujali lami. Unajali spidi yake ukilinganisha na hewa. Akienda 40 na upepo unamjia na 15, mwili wake unapambana na 55, na nguvu ya hewa inapanda na mraba wa hiyo spidi, kwa hivyo hizo 15 zinamla sana. Ndo maana wanajificha nyuma ya mwenzao. Huko nyuma hewa imeshavutwa kwenda mbele kiasi, na ndani ya mbogi kila mtu anaona wenzake ka wametulia, wanabonga, wanapitishiana chupa ya maji, na barabara inapita chini yao na 40.

Hiyo chupa ya maji inatuleta kwa Galileo. Mwaka wa 1632 huyo buda wa Italia alitoa kitabu ya mabishano kuhusu jua na dunia, na ndani yake akasema: jifungie na rafiki ndani ya chumba cha chini cha meli kubwa, mkuwe na vipepeo, na chupa inadondosha maji tone kwa tone kwa chombo kiko chini yake. Cheki venye vitu zinaenda meli ikiwa imetulia. Alafu meli iende, spidi yoyote, bora isitingike wala kubadilisha mwendo. Vipepeo wanaruka vile vile. Matone yanaangukia hapo hapo. Hakuna kitu ndani ya hicho chumba inaweza kukuambia ka meli inaenda ama imetia nanga.

Si lazima utafute meli. Kwa basi, mkifika mahali barabara imenyooka na dere ameshika 60 bila kucheza na mafuta, rusha chupa yako juu, sentimita 30 hivi, uidake. Itakaa hewani nusu sekunde. Wewe umeiona imepanda wima ikashuka wima. Mtoto amesimama kando ya barabara akichungulia dirishani ameona kitu tofauti kabisa: chupa imechora upinde mrefu, imesafiri mita 8 mbele kabla irudi kwa mkono wako. Mchoro wa njia ya kitu pia unategemea nani anaangalia! Hiyo ilinimaliza. Nilikuwa nafikiria spidi ndo inabadilika tu, kumbe hata ka njia imenyooka ama imepinda, inabidi uulize ni macho ya nani.

Sasa kuna watu wakiskia hivi wanaruka wanasema basi kila kitu kinategemea mtu. Zii. Hapo ndo wengi wanapotelea, na barabara ya Rubavu iko na dawa yake. Ngoja kona.

Ukikaribia Gisenyi barabara inaanza kuteremka kutafuta ziwa. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima mmetoka iko juu zaidi, kwa hivyo dere anakata kona juu ya kona. Basi ikiingia kona ya nusu kipenyo mita 30 na spidi ya 36 kwa saa, mwili wako unaskia msukumo wa ka theluthi moja ya uzito wako, kwenda upande wa nje. Unamlalia jirani. Yeye analalia dirisha. Unasema pole, anasema si kitu, na wote mnajua mmekata kona hata ka pazia zimefungwa na ni usiku wa manane.

Nani alikusukuma? Hakuna mtu. Mwili wako ulikuwa unataka kuendelea mbele moja kwa moja, basi ndo ilikata. Mtoto wa kando ya barabara akiangalia haoni nguvu yoyote inakutupa nje. Anaona kiti na bega la jirani zikikuvuta ndani ufuate kona. Ule msukumo wa nje unaishi ndani ya basi tu, juu basi ni fremu yenye inabadilisha mwendo.

Kwa hivyo gawanya hizi vitu mbili vizuri. Spidi ikiwa sawa na njia imenyooka, hakuna kifaa ndani ya basi kinaweza kujua, bila kuchungulia nje, ka mnaenda ama mmetulia. Mwendo ukibadilika, iwe ni breki, mafuta ama kona, kila mtu na kila kifaa ndani ya basi kinajua. Mabadiliko ya mwendo yanajitangaza yenyewe. Mi naona huu ndo utamu wote wa hii somo, na ni huzuni venye inapitwa mbio mbio darasani.

   

Tuingie ziwani. Jioni Gisenyi, ukikaa pale ufuo wa mji ama ukishuka mpaka Rubona, utaona boti za kuvua isambaza, samaki wadogo, zikitoka. Ni mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, miti ingine imechomoza mbele na nyuma ka pembe za panzi, na wasee ndani wanapiga makasia wakiimba ndo mikono iende pamoja. Isambaza wenyewe ni wageni: walitolewa Tanganyika wakamwagwa Kivu mwaka wa 1959, na sai ndo kitoweo cha pande zote mbili za mpaka, Gisenyi na Goma.

Usiku ukiingia unabaki na taa za hizo boti peke yake. Hapo sasa jaribu kitu. Chagua taa moja yenye iko mbali na zingine, ikazie macho dakika moja, na uniambie inaenda wapi. Utaapa inasonga. Mara kushoto, mara inapanda kidogo. Inaweza kuwa imetulia kabisa. Macho ya binadamu yakipewa nukta moja ya mwanga kwa giza tupu yanakosa pa kushika, yanaanza kutunga mwendo. Ikitokea taa ya pili karibu, uongo unapungua. Ubongo wako pia unahitaji wawili ndo upime mwendo.

Wavuvi wanajua hii bila formula. Upepo ukisukuma mtumbwi, maji ya juu yanasukumwa pamoja nao, taa, nyavu na watu wote wanaenda kwa umoja, na ukiangalia ndani ya mtumbwi hakuna kitu imesonga. Muulize mzee wa hiyo kazi, umsalimie kwanza, umwite mzee, na atakujibu na Kiswahili cha huku: "Mutoto yangu, mu maji hakuna alama. Tunaangaliaka mulima." Alama moja ya nchi kavu inakupa mstari. Alama mbili, mlima huku na taa za mji kule, mistari inakatana na unajua ulipo. Kabla ya Mei 2021 volkano ya Nyiragongo yenyewe ilikuwa inawaka nyekundu usiku juu ya Goma, alama kubwa kuliko zote.

Na hizo taa ziko na siri ingine yenye ilivuruga hii hesabu yote ya kujumlisha. Mtumbwi ukija kwako na kilomita 4 kwa saa na msee mbele akakurushia limau na 20, limau inakufikia na 24. Sawa. Sasa mwanga wa taa yake? Ungedhani unafika na spidi ya mwanga ukijumlisha 4. Haufanyi hivyo. Mwanga unakufikia na karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, mtumbwi ukija, ukienda, ama ukitulia. Wanasayansi Michelson na Morley walitafuta tofauti ka hiyo kutokana na mwendo wa dunia yenyewe, huko Cleveland mwaka wa 1887, walipima na vioo kwa ustadi wa ajabu, wakaikosa. Mwaka wa 1905 Einstein, karani wa ofisi ya hataza huko Bern, aliifanya msingi wa hesabu yake: spidi ya mwanga ni moja kwa kila fremu yenye haibadilishi mwendo. Lakini hiyo ilikuwa na bei. Ka spidi ya mwanga haibadiliki, basi muda wenyewe ndo lazima ulegee. Saa yenye inaenda, ukiipima kutoka mahali umesimama, inapiga polepole kuliko yako.

Hiyo si stori ya maprofesa peke yao. Ni simu yako. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, zinaenda na karibu 14,000 kwa saa, na juu ya hiyo spidi saa zao zinachelewa mikrosekunde 7 kila siku. Alafu huko juu mvuto wa dunia ni dhaifu, na hiyo inazifanya ziwahi mikrosekunde 45. Ukitoa, zinabaki zinawahi 38 kwa siku. Hiyo ikiachwa bila kurekebishwa, ramani ingekupoteza kwa kilomita zaidi ya 10 kila siku, na nduthi umeita ingekuja kukutafuta ndani ya ziwa.

Na ni vipokezi vya hiyo GPS, vile vya kazi kubwa, vimechimbiwa kwa ardhi kuzunguka Goma, kwa mtandao unaitwa KivuGNet, kupima kitu yenye mi naona ndo nzito kuliko zote: ardhi yenyewe inaenda.

Juu nimekuwa nikikwambia mama wa karoti amesimama, mtoto wa kando ya barabara amesimama, mlima wa wavuvi umesimama. Hawajasimama. Ukipima kutoka katikati ya dunia, hii sehemu yote ya Afrika inateleza kwenda kaskazini-mashariki na sentimita 2 na nusu hivi kila mwaka. Lakini ukiuliza swali lenye lina maana kwa mtu wa Gisenyi, yaani milima ya Rwanda inaenda aje ukilinganisha na milima ya Kongo magharibi ya ziwa, jibu linashuka mpaka milimita 2 ama 3 kwa mwaka. Zinaachana. Bonde la Ufa linapanuka hapo kati, na Kivu yote imelala ndani ya hiyo nafasi. Sentimita zote zile ni safari mnaenda pamoja, na safari ya pamoja haimvunji mtu nyumba. Zile milimita za kuachana ndo ziko na moto chini yake.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni. Lava ilishuka ikafika ukingo wa Goma. Ilipotulia, watu wakadhani imeisha, lakini magma ilikuwa bado inasafiri chini kwa chini kwenda kusini, ikipasua mwamba chini ya Goma mpaka chini ya ziwa. Kwa siku kadhaa mitetemeko ilipiga mfululizo. Gisenyi ilichanika: nyufa zilipita kwa barabara na kwa nyumba, watu wakalala nje. Tarehe 27 sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, na wengi walivuka mpaka kuingia Rubavu, sehemu yenye pia ilikuwa inatetemeka. Ardhi yenye ilizoea milimita kwa mwaka ilisonga sentimita nyingi ndani ya siku chache.

Na hapo ile kona ya basi inarudi na uzito mwingine. Ule mtelezo wa miaka yote hakuna mtu aliwahi kuuskia, juu haubadiliki. Kilichoamsha watu usiku ni ardhi kubadilisha mwendo ghafla. Mwili ulijua kabla kichwa kijue.

Lakini fikiria shida ya wale walikuwa wanapima. Unapima aje mwendo wa ardhi na umesimama juu yake, na kifaa chako kimesimama juu yake, na nyumba, na mti, na kila alama unaona? Kituo cha volkano cha Goma, OVG, chenye kiko tangu 1986, kinatumia seismomita, na ndani yake ni ujanja wa Galileo kabisa. Unaning'iniza uzito kwa springi laini. Ardhi ikiruka, boksi inaruka nayo, lakini uzito kwanza unabaki nyuma, unajaribu kuendelea na mwendo wake wa zamani. Unapima tu umbali kati ya uzito na boksi. Satelaiti za rada nazo zinafanya njia yao: zinapiga picha ya ardhi leo, zinapita tena siku kadhaa baadaye, na zinalinganisha umbali. Hata hapo wanasayansi lazima wachague nukta moja mbali na volkano, waseme hii ndo tunaihesabu imetulia, alafu wapime zingine zote dhidi yake.

Kuna swali moja watoto wa ufuoni hupenda kuuliza wakiskia dunia inazunguka: mbona hatupeperushwi? Gisenyi iko karibu sana na ikweta, nyuzi 1.7 kusini, kwa hivyo mzunguko wa dunia unawabeba kwenda mashariki na 1,670 kwa saa. Jibu ni hewa, ziwa, boti na isambaza wote wako kwa safari hiyo hiyo. Mzunguko ni kona, ndiyo, na kona inaskika, lakini hii ni pana sana: inapunguza uzito wako kwa chini ya nusu asilimia. Mizani nzuri inaiona, wewe huwezi.

Ka unataka kuona mabadiliko ya mwendo na macho yako, simu yako iko na kisensa kidogo ndani, uzito mdogo sana umeshikwa na springi ndogo za silikoni, binamu wa seismomita. Chukua programu ya bure inaitwa phyphox, ilitengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen huko Ujerumani, fungua kipimo cha mchapuko, yaani mabadiliko ya mwendo, na upande basi stendi ya Nyabugogo, Kigali. Laza simu kwa paja, usiishike kwa mkono. Kwa barabara imenyooka mstari utatetemeka tu na mashimo, na hautakuambia ka mko 30 ama 80, juu hauwezi kujua. Dere akigusa breki mstari mmoja unaruka. Mkianza kushuka kuelekea ziwa mstari wa pembeni utaenda kushoto, kulia, kushoto, kona kwa kona. Rekodi hiyo sehemu yote, alafu kejani uiweke kando ya ramani ya barabara. Kila kona ya Rubavu itakuwa hapo, na hukuchungulia dirishani hata mara moja.